Muulize Utingo: Safari ya Crandon, kuwatazama wanaoteleza majini pekupeku

SWALI

Kaka Utingo, hujambo na jamaa? Sisi ni familia nne za hapa Brooklyn Park, Minnesota, watu 13 kwa jumla, watano kati yao watoto. Kazini kwangu kuna mama mmoja wa Wisconsin ambaye binti yake hushindana mchezo wa kuvutwa na boti akiwa amesimama juu ya maji kwa nyayo zake, bila ubao wala kiatu. Mwezi wa nane wanashindana mji unaoitwa Crandon, naye ametualika sote. Watoto hawalali kwa hamu. Mume wangu anasema hawezi kuendesha saa tano kwenda kumwona mtu anaanguka majini. Shemeji yangu naye hali chakula asichokijua kimepikwa na nani. Twende na gari gani, tulale wapi, tule nini, na je, kweli kuna cha kutazama huko?

Mama Mapacha, Brooklyn Park

JIBU

Mama Mapacha, mumeo usimlaumu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, tena mbele za watu, halafu nikarudi kutoka Crandon sauti imenikauka kwa kushangilia. Nitaanza na gari, maana utingo hawezi kuanzia pengine.

Watu 13 hawaenei gari la nyumbani, kwa hiyo najua mmeshaanza kutupia macho zile gari za kukodi za viti 15. Sheria ya Marekani inasema gari lililotengenezwa kubeba watu 16 au zaidi, dereva akiwemo, linataka leseni ya biashara yenye idhini ya abiria. Ndiyo maana hizi zimeishia 15: yeyote mwenye leseni ya kawaida analikodi na kuondoka nalo. Hapo ndipo penye hatari. Likiwa tupu linakwenda kama gari lolote. Likijaa, uzito unapanda juu na kurudi nyuma, na dereva akikata usukani ghafla kumkwepa mnyama, linalala ubavu. Wakuu wa usalama barabarani wa huku wameonya miaka nenda miaka rudi. Mimi naendesha basi la shule mwaka wa kumi na moja sasa, na gari la viti 15 lililojaa bado naliogopa kuliko basi langu.

Kwa hiyo likodini, lakini wapande watu tisa tu, wajipange kuanzia mbele. Wanne waliobaki wafuate na gari dogo la mmoja wenu. Mizigo ikae chini, nyuma ya viti, na juu ya paa kisiwekwe hata mwavuli. Najua mkono wa Mpwani ukiona paa la gari unatafuta keria. Miaka sita nilipokuwa mlangoni, njia ya Mombasa–Malindi, nimepandisha juu magodoro, magunia ya nazi, na siku moja mbuzi aliyekuwa na tiketi yake. Hayo yaacheni kulekule. Na asubuhi ya safari pimeni upepo wa tairi zote nne kabla hazijapata moto, hata kama mwenye gari ameapa kwamba amezikagua. Safari yetu sisi, karatasi ilisema gari limekaguliwa kila kitu. Tulipopita Turtle Lake kiyoyozi kikaanza kutupulizia joto, na kikaendelea hivyo mpaka Crandon na kurudi. Mwenye gari simtaji. Nasema tu kwamba mama mkwe wangu alisafiri kilomita 300 na kitambaa chenye barafu kichwani, na mpaka leo akiniona hunisalimia kwa mkato.

Njia ni rahisi. Pandeni hadi Forest Lake, shikeni barabara kuu namba 8, mvuke mto St. Croix pale Taylors Falls, na tangu hapo msiiache. Itawapitisha Turtle Lake, Barron, Ladysmith, Prentice, Rhinelander, mpaka inawashusha katikati ya Crandon. Ni kama kilomita 400. Sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, misitu kulia na kushoto, na kulungu. Kulungu wa Wisconsin hutoka jioni na alfajiri, na akitoka mmoja yuko wa pili nyuma yake. Ondokeni Ijumaa saa sita mchana ili saa kumi na moja jioni muwe mmeshashuka. Atakayesema tuondoke usiku ili watoto walale njiani, mwambieni Utingo amekataa.

Kulala: Crandon ni mji mdogo, haufiki watu 2,000, na wikendi ya mashindano vyumba vyake huwa vimeshikwa zamani na wachezaji wenyewe. Laleni Rhinelander, kama kilomita 50 kabla hamjafika, palipo na hoteli zaidi. Watoto wenu watakutana hapo na Hodag, mnyama wa kijani mwenye pembe na miiba mgongoni, sanamu yake imesimama hapohapo mjini. Mwaka 1893 bwana mmoja, Eugene Shepard, alidai ameliona zimwi hilo msituni, na miaka mitatu baadaye akalionyesha watu ndani ya hema lenye giza, akitoza kiingilio. Lilikuwa gogo na ngozi, likivutwa kwa nyaya. Alipobanwa alikiri, na mji haukumwonea haya: ukalifanya zimwi lake kuwa nembo. Ukiwasimulia watoto kisa hiki mkiwa Ladysmith, mtafika Rhinelander bila swali la “tumefika?”

Sasa chakula, kwa ajili ya shemeji. Ijumaa jioni Wisconsin nzima inakula samaki wa kukaanga, ni desturi yao ya tangu zamani, na ninyi mtaona mmefika nyumbani. Ulizeni kwanza. Mara nyingi ule unga wa kuwapakia samaki hukorogwa kwa bia. Sisi wengine tulishaumega ndipo mzee mmoja wa Lamu akauliza, meza yote ikanyamaza. Mahali pazuri watawakaangia bila unga ule mkiomba. Soseji zitakazochomwa ziwani ni za nguruwe, msipoteze muda kuuliza. Kula bila wasiwasi ile jibini mbichi ya vipande vidogo, inayolia kwikwi ukiitafuna; ikiacha kulia si ya leo. Yaliyobaki bebeni: mahamri na mbaazi za asubuhi, viazi karai, kuku wa kuchoma kwenye sanduku la barafu, chai ndani ya chupa mbili kubwa, ya tangawizi na ya watoto. Na wenye kuswali: kibla cha huko ni kaskazini-mashariki. Kila safari lazima niwatenganishe wawili wanaogombana juu ya hili katika maegesho ya magari.

Nimefika kwa mumeo. Nilipokuwa utingo nilijifunza kwamba abiria anayepiga kelele njia nzima ni yule asiyejua anashukia wapi. Anayejua stendi yake hutulia. Watu wetu hukasirika ziwani kwa sababu hakuna aliyewaambia wanatazama nini. Wanaona boti, wanaona maji yakiruka, wanaona mtu amezama, na wanarudi kwenye simu zao. Kwa hiyo mchezo uelezeni ndani ya gari. Mimi nilianza Prentice.

Anza na hili. Mtu wa skii mbili anabebwa na mbao zake, maji yana pa kumsukumia juu, na boti ikienda kilomita 40 kwa saa inamtosha. Mwenye nyayo tupu hana ubao, ana eneo la viganja vinne. Kinachomshika asizame ni mwendo. Wenyewe wana hesabu yao: chukua uzito wako kwa ratili, gawa kwa kumi, ongeza 20, na jibu ni maili ambazo boti lazima ikuvute kwa saa. Mtoto wa ratili 70 anataka maili 27, yaani kama kilomita 43. Mtu wa ratili 180 anataka maili 38, kama kilomita 61. Mpigieni hesabu kila aliyemo garini, kicheko hakitawaisha. Mama mmoja alikataa kusema uzito wake, mumewe akausema, na hapo safari ikawa ndefu kwake.

Kisha nilimwambia aliyekaa kando yangu, mtu mzima, atoe kiganja dirishani tukiwa mwendo huo huo wa kilomita 60 na kidogo. (Watoto wa basi langu nawakataza hilo kila siku, ndiyo maana nilichagua mzee wa miaka hamsini.) Akikilaza kinapita. Akikiinua kidogo upande wa mbele, mkono unarushwa juu. Huo ni upepo. Maji ni mazito kuliko hewa kama mara 800. Nyayo ikiinuliwa vidole, kisigino kikilala, maji yanafanya hivyo hivyo, kwa nguvu hiyo. Kidole kimoja tu kikishuka kikachomeka majini, mguu unabaki nyuma na kichwa kinatangulia. Ndiyo maana mtawaona wote wamekaa kama mtu anayetaka kuketi kwenye kibao cha mbuzi kisha akaghairi: magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, vidole vya miguu vimeangalia mbinguni.

Mashindano ya Crandon huitwa Footstock, katika ziwa Peshtigo, na mtu asiyejua lolote anaweza kuyafuata, kwa sababu hakuna hesabu za majaji. Boti moja inavuta watu wawili kwa pamoja, bega kwa bega, na inachora namba nane juu ya ziwa. Anayeanguka ametoka. Aliyebaki amesimama amepita, anamngoja mwingine. Basi. Utamu uko pale namba nane inapojikata katikati. Mara ya kwanza maji yamelala kama mafuta ya taa kwenye sinia. Boti inarudi, inapita juu ya mawimbi iliyoyaacha yenyewe, na mawimbi hayo yanakuja kutoka kushoto, kulia na mbele. Wanaovutwa hawana pa kukwepea. Zamu ya tatu, ya nne, mapaja yanaanza kutetemeka kama ya hamali aliyebeba gunia la chumvi, manyunyu yanawapanda mpaka usoni, hawaoni. Wakati huo ndipo nilipojikuta nimesimama juu ya kiti cha kukunja.

Nilimwona binti, hakufika miaka kumi na mitano kwa jinsi nilivyomkadiria, anavutwa pamoja na mwingine mkubwa kwake. Yule mkubwa alikuwa na nguvu, aliyapiga maji kwa hasira. Binti alikuwa mlegevu. Kila wimbi likija aliliacha limpite magotini, kiuno chake hakikutikisika. Nilikumbuka mama zetu wakitoka kisimani na ndoo kichwani kwenye njia ya mawe. Katika njia panda ya tano yule mkubwa alizama ghafla, kama aliyevutwa na mtu. Binti hata hakugeuka kumtazama. Mume wa rafiki yangu, mtu wa aina ya mumeo, alinishika mkono akaniuliza, “Wanarudia lini?”

Mwendo ule ukianguka, maji yanakupiga kama mlango wa chuma. Wanavaa mavazi ya mpira mazito yenye sponji na maboya ndani, na kuna boti ya kuwaokota. Wengi hutoka wanacheka. Mmoja alitoka ameshika sikio.

Pelekeni viti vya kukunja, kofia, dawa ya mbu, na sweta kwa asubuhi, maana kaskazini ile hata Agosti alfajiri ina baridi. Fikeni mapema, maji yanapokuwa yametulia kabla upepo haujaamka. Mkirudi Jumapili, Wachippewa, wenyeji wa asili wa Mole Lake, chini kidogo ya Crandon, wana mchele mwitu mweusi unaoota ziwani kwao, wanaouvuna kwa mtumbwi. Nunueni. Mke wangu aliupikia pilau. Sitasema zaidi.

SWALI

Utingo, tulipanga safari ya kundi, kila mtu dola 95, mafuta na hoteli ndani yake. Alhamisi usiku watu wawili wakajitoa, mmoja anaumwa, mwingine “ameamua kupumzika”. Wote wanataka pesa zao. Mweka hazina ni mimi na nimechoka kupigiwa simu.

Mweka Hazina Asiyelala, Des Moines

JIBU

Mgonjwa mrudishie, hata kama utachanga na wenzako kumlipia. Anayepumzika apumzike na risiti ya hoteli, ambayo hoteli haikurudisha. Njia ya Malindi mtu akishuka Kikambala kabla ya kituo chake, nauli ya Malindi ilikuwa imeshaliwa na dizeli. Safari ijayo andikeni siku ya mwisho ya kujitoa, wiki mbili kabla, muitume kwenye kundi la simu, kila mmoja aijibu kwa jina lake.

SWALI

Kaka, sisi vijana watano wa Mtwapa, kwenu. Tumeona video za hao watu wa nyayo tupu na tunataka kuanza kwenye hori. Jamaa yetu ana boti ya faiba ya kuvulia, injini ya nguvu farasi 40. Kamba tunayo. Tunaweza kukosea wapi?

Wana wa Hori, Mtwapa

JIBU

Wadogo zangu, mmenikumbusha mbali. Hori hiyo nimeogelea kabla hamjazaliwa, na kovu la chaza liko mguuni mpaka leo, nililipata kwenye mizizi ya mikoko maji yakiwa yametoka. Kwa hiyo jambo la kwanza ni maji: ingieni bamvua ikiwa imejaa, alfajiri, kabla upepo haujaanza kuvuma, katikati ya hori, mbali na mikoko, mbali na madaraja, na baada ya kuongea na wavuvi mjue nyavu na mishipi imetegwa wapi. Baharini nje ya hori msijaribu, mchezo huu hautaki wimbi hata la kuchezea mtoto. Msidanganywe pia kwenda kutafuta maji baridi yaliyotulia. Naivasha kuna viboko, na Ziwa Victoria lina kichocho kwenye kingo na mamba mahali pengine. Hori yenu, au ile ya Kilifi, ndiyo bora.

Injini ya farasi 40 itamvuta mtu mwepesi kwenye skii mbili. Haitamvuta mtu mzima pekupeku pamoja na dereva na mwangalizi, haitafika mwendo. Boti nilizoziona Crandon zilikuwa na injini za farasi mia mbili na zaidi. Msisikitike. Hakuna anayeanza na nyayo. Mnaanza na skii mbili, mkizizoea mnaiacha moja, mkisimama kwa skii moja kama mko barazani ndipo inapokuja hatua ya kuushusha mguu wa pili majini na kuivua iliyobaki. Hiyo ndiyo njia waliyoipitia wa kwanza. Siku hizi wanafundishia mti wa chuma unaotoka ubavuni mwa boti, kama boriti za ngalawa zinavyotoka kushikilia ubao wa pembeni. Mwanafunzi anaushika mti wenyewe, anakaa majini kwa makalio, boti inaongeza mwendo, anashusha nyayo polepole. Anaanguka karibu na mwalimu wake, na anaambiwa kosa lake hapohapo. Fundi wa ngalawa yeyote hapo Mtwapa akielezwa ataelewa kwa dakika moja, lakini ufungwe kwa chuma cha kweli, si kwa kamba ya kumbi.

Kamba mliyo nayo, kama ni ile ya nailoni ya uvuvi inayonyumbuka, iwekeni chini. Ikikazwa inarefuka, mtu akiachia mpini unarudi kama jiwe la kombeo kwenye uso wa aliye botini. Kamba msiizungushe mkononi hata mara moja. Dereva atazame mbele, mtu wa pili atazame nyuma, na mkubaliane ishara: kidole gumba juu ni ongeza, chini ni punguza, mkono shingoni ni zima injini. Aliyeanguka akiwa salama huinua mkono. Asiyeinua, mnamrudia mbio, na injini inazimwa kabla hamjamkaribia. Na jaketi okozi kwa kila mtu, hata yule anayejiita samaki. Hasa huyo.

SWALI

Bwana Utingo, mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga, miaka 63. Mjukuu wangu anashikilia kuwa mchezo huu wameuanzisha Waaustralia, na kwamba ni wa vijana peke yao. Je, ni kweli? Na wewe mwenyewe umewahi kuujaribu au unauza maneno tu?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Mjukuu ana nusu ya haki. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Canberra, Australia, mwaka 1978, na Waaustralia ni wakali wa mchezo huu mpaka leo. Lakini mwanzo wake ni Winter Haven, Florida, mwaka 1947. Kijana wa miaka 17, A. G. Hancock, ndiye aliyesimama majini kwa nyayo zake. Muda mfupi baadaye akafuata Dick Pope mdogo, ambaye baba yake alikuwa na bustani ya maonyesho ya majini ya Cypress Gardens, mahali palipojaa wapiga picha. Kwa hiyo jina lililosambaa likawa la Pope. Mwalimu wa historia hatashangaa. Mwaka 1950, hapohapo Cypress Gardens, Pope alipambana na Emilio Zamudio wa Mexico, na hilo ndilo linalohesabiwa kuwa shindano la kwanza. Na skii zenyewe za majini zilianza huku kwetu Minnesota: Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18, mwaka 1922, pale Lake City kwenye ziwa Pepin. Alijaribu kwanza mbao za pipa, zikamtosa, mwishowe akanunua mbao ndefu, akazichemsha ncha na kuzikunja. Kamba yake ilikuwa ya kuanikia nguo.

Mwambie mjukuu pia kwamba Afrika imo. Nadine De Villiers wa Afrika Kusini alishika rekodi za dunia za wanawake. Na ilikuwa kwenye bwawa la Bronkhorstspruit, Afrika Kusini, Januari 2006, ambapo Mmarekani Keith St. Onge alikata mawimbi ya boti mara 20.6 katika sekunde 30. Hiyo sehemu ya sita baada ya nukta usiniulize, ni mambo ya majaji. Kuna na kuruka: wanapandia kijukwaa cha sentimita 45 tu, chini ya goti la mtu, na David Small wa Uingereza mwaka 2010, huko Brandenburg, Ujerumani, alitua mita 29.9 mbele. Wanaruka wamelala kifudifudi hewani, miguu nyuma, kama popo aliyesahau kugeuka.

Umri sasa. George Blair, waliyemwita Banana George kwa sababu kila alichovaa kilikuwa cha manjano, aliteleza pekupeku kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 46, akaendelea mpaka kupita 90. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 98. Kwa hesabu hiyo wewe bado kijana, ingawa ningekuomba kwanza umwone daktari wa mgongo.

Mimi nilijaribu, Mwalimu. Mwezi mmoja baada ya Crandon, kwenye ziwa moja hapa karibu, na dereva mwenzangu wa mabasi mwenye boti yenye ule mti wa ubavuni. Nina ratili 210. Gawa kwa kumi, ongeza 20: maili 41. Aliponitajia mwendo huo nilicheka, kwa sababu basi langu nikifikisha mwendo huo karibu na shule nanyang’anywa kazi. Nikavaa lile vazi la mpira, ambalo lilichukua watu wawili kulifunga. Nikaushika mti. Nikakaa majini kwa makalio, maji yakanipiga mgongoni kama mtu anayenidai. Akapiga kelele, “Shusha visigino!” Nikavishusha.

Kwa muda mfupi maji yalikuwa magumu chini yangu. Si kama ubao, kama kanga iliyokazwa na watu wanne kwenye pembe zake. Nilihisi kila mchirizi ukipita kati ya vidole. Nikafikiri nimwangalie mke wangu botini aone, na kidole gumba cha kulia kikashuka.

Nilipoibuka nilikuwa na maji puani yaliyotoka kwa siku mbili, na kaptura haikuwa mahali pake. Mimi nilihesabu sekunde nne. Mke wangu ndiye aliyekuwa na saa, naye anasema mbili.